Alipasha ngoma, akazipakia garini, kisha akaambiwa ashuke

Shikamoo Anti,

Nakuandikia saa sita usiku kwa sababu mchana siwezi kuandika haya bila watoto kuniuliza ninalia nini. Nina miaka 39, ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge Ilala na naishi Buguruni. Ninaye mdogo wangu wa kiume wa miaka 31, tumenyonya ziwa moja, na tangu mama yetu afariki anaishi kwangu. Nitamwita Side, si jina lake.

Side alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Miaka minne iliyopita alianza kukosa usingizi, akawa anasikia watu wanamsema na hakuna mtu, siku moja akatupa simu yake mtaroni akisema inamsikiliza. Tulihangaika sana, kwa mashekhe, kwa waganga, mpaka tukafika hospitali akalazwa, akatulia. Tangu hapo anachomwa sindano kila mwezi. Zile sauti zilikwisha, Anti, lakini na yeye ni kama alikwisha. Akawa mtu wa chumbani. Haogi mpaka nimgombeze. Ukimsalimia anakuangalia tu. Mtaani wakampa jina, na watoto wakimwona wanakimbia huku wakiliimba.

Mwaka jana mwezi wa tano, kijana mmoja aliyesomea ngoma Bagamoyo alianzisha kikundi kwenye kiwanja kidogo hapa mtaani. Jumanne na Jumamosi jioni, bure. Alipita nyumba kwa nyumba akisema anayetaka aje, awe mzee, awe mtoto, awe na ulemavu wowote, ngoma ni ya mtaa. Wakaja kweli: kaka mmoja asiyeona anayepiga manyanga, akina mama wawili wauza vitumbua, vijana wa bodaboda, binti anayetembelea magongo ambaye akipandisha sauti unasahau ulichokuwa unawaza. Mwanangu wa pili alimshika Side mkono akampeleka. Nilijua atarudi baada ya dakika tano. Hakurudi mpaka magharibi.

Wiki ya tatu nilikwenda kuwachungulia. Mwimbishaji alitoa, wakaitikia, na mdogo wangu, mtu ambaye hata salamu haitikii, alikuwa anaitikia wimbo. Nilikaa palepale kwenye tofali, miguu haikunibeba.

Basi ikawa siku za ngoma anaamka mwenyewe, anaoga, anafua fulana yake. Wakampa kazi ya kukoka moto na kupasha ngoma kabla ya mazoezi, baadaye akaanza kupiga vumi. Wale watoto wakaacha jina lile wakawa wanamwita Mzee wa Moto.

Mwezi uliopita kikundi kikaalikwa kwenye harusi Tabata, malipo laki nne. Wakashona sare. Side hakupimwa, nami nikadhani atapata itakayobaki. Siku yenyewe alikwenda tangu saa tisa, akapasha ngoma zote, akazipakia kwenye Noah moja baada ya nyingine, akapanda akakaa. Mwalimu akamwambia ashuke. Gari likaondoka, yeye akabaki amesimama na kiberiti mkononi. Haya ameniambia mwanangu, maana Side mwenyewe hajasema neno.

Kesho yake nikamfuata mwalimu. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, mimi simbagui. Mazoezini aje kama kawaida. Lakini harusi ni pesa za watu, mikono inamtetemeka, na akibadilika mbele ya wageni nitamweleza nini mwenye shughuli?" Nikakosa jibu nikarudi nyumbani.

Sasa ni wiki ya nne. Side hatoki, haogi, hata sindano ya mwezi huu imepitiliza siku tisa, nikimwambia twende anageukia ukutani. Mume wangu anasema afadhali, ngoma ndizo zinazompandisha. Jirani ananishauri nilifikishe kwa mwenyekiti wa mtaa waaibike mbele ya watu. Mimi nafikiria nimpe mwalimu elfu hamsini kimyakimya ili shughuli ijayo amchukue. Au nimtafutie kikundi kingine? Na hivi kweli ngoma zilikuwa zinamsaidia, au ni mimi tu niliyetamani iwe hivyo?

Dada yake, Buguruni

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia mambo mengi, na lile la haraka kuliko yote umelipitisha katikati ya sentensi: sindano imepitiliza siku tisa. Anza hapo, kabla ya mwalimu na kabla ya mwenyekiti. Dawa ya namna ile huchomwa mara moja kisha huingia mwilini polepole na kupungua polepole, ndiyo maana mgonjwa anaweza kuchelewa na bado akaonekana hana neno, na wewe ukapata moyo wa kusubiri wiki nyingine, huku ugonjwa unajisogeza. Kesho asubuhi chukua kadi yake uende kliniki, hata kama utakwenda peke yako. Mwambie muuguzi ameacha kuoga, hatoki, amegoma sindano, na mweleze kilichotokea siku ya harusi, maana na hicho ni sehemu ya ugonjwa wa safari hii. Watakushauri namna ya kumfikisha. Lakini ukimwona hali, hanywi, au ametamka neno lolote la kutotaka kuishi, hiyo si ya kungoja kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Nyumbani usimwambie "twende ukachomwe". Keti naye. Mwambie unajua walichomfanyia, na kwamba walikosea. Nimeisoma barua yako mara tatu sikuona mahali ambapo mtu yeyote amemwambia hivyo. Mmezungumza na mwalimu, na mume, na jirani, na mimi. Yeye yuko chumbani anageukia ukuta na huenda anaamini mtaa mzima umekubaliana na yule aliyemshusha garini. Mwambie kwanza hilo, kisha mwombe mfuatane. Yule mwanao wa pili aliyemshika mkono siku ya kwanza anaweza kumshika tena. Asibebeshwe mzigo wa kumbembeleza mjomba wake, ila awepo.

Ukifika kliniki, lisemee na suala la mikono. Mtetemo, ukakamavu wa viungo, uso kuwa kama umeganda, mara nyingi hutokana na dawa hizi zenyewe, na daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza kidonge cha kutuliza mtetemo. Watu wengi hawasemi kwa sababu wanaona mgonjwa kutetemeka ni kawaida yake. Kwa mpiga ngoma si jambo dogo. Mwambie daktari waziwazi: ndugu yangu ni mpigaji, anaihitaji mikono yake. Na nyinyi wenyewe msipunguze wala kuruka sindano ili mikono itulie. Nimewaona waliofanya hivyo.

Sasa nikujibu swali lako la mwisho, maana naona ndilo lililokukosesha usingizi. Hukujidanganya.

Sijui daktari ameuitaje ugonjwa wa Side, lakini ulivyoueleza una sura mbili. Moja ni ile ya kusikia sauti na kuhisi unafuatiliwa, na hiyo sindano iliishughulikia. Ya pili ni kunyamaza, kukosa hamu, kutooga, kujifungia. Hii dawa huigusa kidogo sana, na ndiyo inayowavunja moyo ndugu, kwa sababu wanaona mtu amepona na bado hayupo. Mwaka 2017 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima majaribio ya tiba, walipitia majaribio 18 yenye watu 1,215 wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wenye sura hizo mbili, na maradhi yanayofanana nao. Waliopata tiba ya muziki juu ya matibabu yao ya kawaida walionekana kupata nafuu kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake, hasa kwenye hiyo sura ya pili na katika kuishi na watu, na wingi wa vikao ulikuwa na maana. Nikuambie ukweli wote: ile ilikuwa tiba inayoendeshwa na watu waliosomea kazi hiyo, na kikundi cha kiwanjani si kliniki. Lakini kuna walioketi na ngoma kama Side. Mwaka 2016 watafiti wa London walichapisha habari za watu waliokuwa wakihudumiwa kwa maradhi ya akili waliopiga ngoma pamoja kila wiki kwa wiki 10. Kikundi kilikuwa kidogo, ila huzuni na wasiwasi vilipungua, na miezi 3 baadaye nafuu ile ilikuwa bado ipo.

Sisi hatukuhitaji London watuambie. Neno letu lenyewe la ngoma lina chombo ndani yake, lina mchezo, na kwa wazee wetu wa Pwani lilikuwa na tiba vilevile. Ngoma ya kumpunga mtu, mgonjwa alikalishwa katikati na nyumba nzima ikamwimbia mpaka kukuche. Sikwambii umpeleke kilingeni, mgonjwa wako ana kliniki yake na abaki nayo. Nataka uone tu mahali alipokaa yule mgonjwa. Alikaa katikati, na akipata nafuu alibaki kuwa mtu wa ngoma ile, akaja kuwaimbia wengine. Hakupakia vyombo kisha akaachwa barabarani.

Na mji huu wetu ulilelewa na vikundi vya namna hiyo. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia na baada yake Dar es Salaam ilijaa vyama vya beni, ngoma za mtindo wa bendi, Marini na Arinoti, wakishindana kwa matarumbeta na mavazi. Lakini mwanachama akifiwa au akiugua chama ndicho kilichokuwa ndugu yake, kwa kuwa wengi walikuwa wameacha ukoo wao mbali. Bibi Titi Mohamed, kabla hajapanda jukwaa la TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha wanawake hapa mjini kilichoitwa Bomba, na alipotaka kuwafikia wanawake alipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa sababu ndiko walikokuwa tayari wanajuana kwa shida na raha. Shangazi yangu mwenyewe alikuwa na kikundi Magomeni, nikiwa mtoto. Mle ndani alikuwepo mwanamke mwenye kigugumizi kikali sana, akitaka kuomba chumvi utangoja, lakini wimbo alikuwa anautoa mwanzo mwisho bila kukwama popote. Nilidhani ni miujiza. Baadaye nikajifunza kwamba kwa wenye kigugumizi ni jambo la kawaida, kuimba hupita njia nyingine. Kitu nilichokikumbuka zaidi leo, nikisoma barua yako, ni kwamba mwanamke yule akikosa siku mbili za ngoma, wenzake walikwenda kumgongea mlango.

Wiki nne, mwanangu. Kuna aliyekuja kumgongea Side?

Hilo ndilo ningelianza nalo kwa mwalimu kuliko suala la harusi. Nenda umwone tena, siku ambayo si ya mazoezi, mkae wawili, na mwombe Side ruhusa kwanza kabla ya kwenda kumzungumzia. Akikataa, mheshimu, ngojea sindano ifanye kazi uulize tena. Usiende na jirani na usiende kwa mwenyekiti. Mwenyekiti atakusaidia kama kikundi kingemtukana Side au kumpiga. Kwa jambo hili kikao cha mtaa kitaanika ugonjwa wake mbele ya watu mia, na hata ukishinda, yeye atarudi vipi kwenye kiwanja kile? Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayokataza ubaguzi, na tangu mwaka 2009 nchi yetu imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao kipengele chake cha 30 kinazungumzia haki ya watu wenye ulemavu kushiriki sanaa na utamaduni. Vijue, vikupe mgongo ulionyooka unapozungumza. Lakini usimtolee kijana yule sheria mezani siku ya kwanza. Kijana aliyepita nyumba kwa nyumba kuita watu bure si adui yako. Amekosea kwa hofu, na hofu yake ina majina, kwa hiyo mwambie akutajie moja moja.

Akisema mikono, mwambie umeshafika kliniki. Na mshauri amwache kwenye vumi. Ngoma nzito yenye pigo la kutulia humvumilia mtu mwenye mtetemo kuliko chapuo linalotaka vidole vyepesi.

Akisema "akibadilika mbele ya wageni", hapo msikilize vizuri, kwa sababu ni swali la haki na hakuna aliyewahi kumjibu. Wewe unamjua mdogo wako. Kabla hajazidiwa hufanya nini? Hulala kidogo, huongea peke yake, hukataa chakula, huvua viatu? Mpe dalili hizo, zile ambazo Side atakubali zijulikane. Mpe namba yako. Mkubaliane mtu mmoja wa kukaa ubavuni kwake, ningemchagua yule kaka wa manyanga kama wanaelewana, mtu ambaye Side akimwambia "nimechoka" atatoka naye nje kunywa maji bila maswali. Mtu mwenye maradhi ya akili aliyetulia kwa dawa si bomu. Ila mwalimu hajui hivyo, naye ameachwa peke yake na picha alizokua nazo mtaani.

Halafu kuna mambo mawili ambayo mwalimu hakuyataja na mimi ningeyataja. La kwanza ni usingizi. Kukesha ni katika vitu vinavyowarudisha haraka wagonjwa wa aina hii, na shughuli zetu unazijua, saa tatu watu wanapaka wanja bado. Kwa hiyo Side apige harusi za mchana, sherehe za shule, mikutano ya hadhara, na ikiwa ni usiku basi apige mwanzo, saa nne awe kitandani. La pili ni bangi. Kwenye ngoma za mitaani moshi haukosekani, na kwa mtu aliyewahi kusikia sauti bangi ni kumrudisha kulekule. Hilo ongea na Side mwenyewe, ana kwa ana, bila kumgombeza, na mwombe mwalimu kiwanja chake kisiwe na kitu hicho wakati wa mazoezi. Kwenye hayo mawili mumeo ana chembe ya haki. Lakini umwambie kwa heshima kwamba aliyemrudisha Side kitandani mara hii ni sindano iliyokosekana na kiberiti kilichobaki mkononi. Ngoma alikuwa nazo mwaka mzima na alikuwa anafua fulana yake.

Elfu hamsini yako iweke. Ukilipa ili mdogo wako apewe nafasi, siku utakapokosa ya kulipa atashushwa tena, na akijua kwamba dada alimnunulia kiti hataamini tena hata makofi aliyopigiwa kwa haki. Badala ya kutoa, kadai. Pale kikundi kilipopata laki nne, ngoma zilizopigwa alizipasha nani? Alizipakia nani? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na wewe unajua kutunza kuna maana mbili, ya noti inayobandikwa kwenye paji la uso wa mwimbaji na ya kumwangalia mtu asiharibikiwe. Side alistahili zote mbili siku ile. Muulize mwalimu kwa utulivu fungu la mtu wa moto ni kiasi gani, na lilete kwa Side mkononi, hata likiwa elfu tano. Aliwahi kuwa fundi. Pesa ya jasho anaijua uzito wake.

Na wewe mwalimu, najua mtaa ni mdogo na barua hii itakufikia. Pokea kwanza shukrani. Ulichokifanya kwenye kiwanja kile kwa mwaka mmoja familia ile haikukipata kwingine kokote. Sikukatazi kuchagua wa kupanda jukwaani, kila kikundi kinachoalikwa huchagua. Chagua kwa kanuni moja inayojulikana na wote, isemwe kabla sare hazijashonwa: anayezijua nyimbo kadhaa, aliyehudhuria mazoezi kadhaa. Kama Side hakufikia kanuni hiyo, abaki, kama vile kijana wa bodaboda angebaki, naye atajua la kufanya ili afike. Lakini kama anapiga sawa na wengine na kilichomshusha ni jina aliloitwa zamani, basi ulichowaambia watu milangoni mwao hakikuwa kweli. Usimwache mtu agundue kwa kuhesabu sare. Na harusi zikianza kukuletea pesa, usiache zikufungie kiwanja. Gawa siku: Jumanne ibaki ya kila mtu, pasipo orodha wala majaribio, na mazoezi ya jukwaani yawe Jumamosi. Nimeona vikundi vingi vizuri katika mji huu vilivyoanza na mzee, kiziwi na mtoto, vikaishia na vijana sita wenye miwani ya jua wanaogombania posho. Wale wengine hawakufukuzwa. Hawakuitwa tu, mpaka wakaacha kuja. Leo jioni, kabla hujafikiria shughuli ijayo, nenda Buguruni ukagonge mlango. Huna haja ya hotuba. Mwambie ulikosea kumshusha, na kwamba ngoma hazijapashwa vizuri tangu aondoke, kama ni kweli.

Narudi kwako, mama. Kikundi kingine nakuomba kiwe hatua ya mwisho. Side hakupenda ngoma kwa jumla, alipenda kiwanja kile, na binti yule wa magongo, na jina alilopewa. Mwalimu akikataa kabisa, ndipo utazame kwingine: kwaya, kasida, bendi ya matarumbeta, kutegemea mnaswali wapi na nani anawafahamu. Tena isiwe lazima iwe muziki. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford walichapisha ulinganisho wa watu wazima nchini Uingereza waliojiunga na madarasa mapya, wengine ya kuimba, wengine ya kazi za mikono, wengine ya uandishi, wakafuatiliwa miezi 7. Mwisho wa miezi hiyo wote walikuwa wamekaribiana sawasawa na wenzao. Waimbaji walitangulia tu, walizoeana mapema, ndani ya mwezi wa kwanza. Maana yake kwako ni kwamba hata karakana ya kuchomelea yenye fundi mvumilivu inaweza kumfaa mdogo wako, ila umpe muda mrefu zaidi kabla hujasema haijafaa. Moto anaujua tayari. Muulize daktari kwanza kuhusu mashine na mikono inayotetemeka.

Jambo la mwisho ni kuhusu wewe. Umesema mwalimu alipokujibu ulikosa jibu, na unalia usiku watoto wasione. Hakuna mahali umeandika kwamba mtu amekupokea mzigo huu hata kwa jioni moja. Wakati Side alipokuwa kiwanjani Jumanne na Jumamosi, wewe ulikuwa unafanya nini saa zile? Naamini ulikuwa unapumua. Kwa hiyo na wewe umepoteza kitu siku ile, na una haki ya kumwambia mwalimu hivyo. Na mumeo, kama anaona ngoma hazifai, basi Jumanne jioni akae yeye na shemeji yake, wacheze bao, watoke waende barazani, ilimradi wewe upate saa zako mbili.

Kesho ukifika kliniki, mwombe muuguzi akuandikie tarehe ya sindano inayofuata kwenye karatasi mbili kubwa. Moja bandika ukutani kwako. Nyingine, Side akikubali, mpe mwalimu, ili akipokea mwaliko wowote aangalie kwanza siku ile asimpangie Side kazi. Kisha niandikie uniambie amerudi kwenye vumi au wamempa ngoma nyingine.

Anti